Jinsi Dawa ya Ebola Ilivyojulikana Beni na Butembo

Liko swali moja ambalo hapa Mususa, na katika komini nyingine tatu za mji wetu wa Butembo, bado halijatulia mioyoni mwa watu. Huulizwa mlangoni mwa kanisa baada ya Misa, huulizwa sokoni, huulizwa matangani. Nalo ni hili: wakati ule wa Ebola, wagonjwa wetu waliopelekwa katika vituo vya matibabu, je, walitibiwa kweli, au walifanywa wanyama wa kujaribiwa dawa? Wengine hujibu kwamba walitibiwa. Wengine hujibu kwamba walijaribiwa. Na wengi hawajibu neno, bali hutazama chini na kumkumbuka ndugu yao aliyeingia mle asitoke.

Swali hili si la kudharauliwa, wala anayeliuliza si mjinga. Mtu aliyefiwa ana haki ya kuambiwa ukweli. Basi katika kurasa hizi tutaeleza jambo lilivyokuwa, mema yake na mabaya yake. Jibu letu, tuliseme tangu mwanzo, ni kwamba yote mawili ni kweli: wagonjwa walitibiwa, na katika kutibiwa kwao dawa zilipimwa. Ila kupima dawa si lazima kuwe kumdharau mgonjwa. Kwaweza kuwa njia ya kumheshimu, kama kumefanywa kwa haki. Ili tuone kama kulifanywa kwa haki, yatupasa kuanza mbali kidogo, maana habari hii haikuanzia kwetu.

YAMBUKU NA KIKWIT

Habari ya Ebola katika nchi yetu yaanzia kwenye misioni. Mwaka 1976 watu wa Yambuku, kaskazini mwa Kongo, walianza kufa kwa homa kali, kutapika na kuhara, na wengine kutokwa damu. Palikuwa na hospitali ya misioni iliyotunzwa na Masista kutoka Ubelgiji. Masista hao walifanya kazi kwa moyo wote. Lakini sindano zao zilikuwa chache mno, nao walizitumia tena na tena kwa wagonjwa wengi bila kuzichemsha ipasavyo. Kwa njia hiyo ugonjwa ukatoka kwa huyu ukaingia kwa yule. Watu 318 waliugua, na 280 wakafa. Kati ya wahudumu 17 wa hospitali, 11 walikufa.

Daktari mmoja kijana, Mkongo, jina lake Jean-Jacques Muyembe, alitumwa kutoka Kinshasa kwenda kutazama. Aliwatoa wagonjwa damu bila hata kuvaa glavu, kwa sababu hakuna aliyejua bado ni ugonjwa gani. Aliporudi Kinshasa alikuja pamoja na Sista mmoja mgonjwa, na damu ya Sista huyo ikapelekwa Antwerp, Ubelgiji. Huko wataalamu wakaona virusi ambavyo hawakupata kuviona kabla. Ugonjwa ukapewa jina la mto Ebola, ili jina la Yambuku lisichafuliwe mbele ya ulimwengu.

Masista wa Yambuku hawakukosa upendo. Walichokosa ni kujua. Tunalisema jambo hili bila kuwahukumu, maana wengi wao walitoa uhai wao. Lakini tulishike, kwa kuwa litatusaidia mbele: katika kazi ya uuguzi upendo bila ujuzi waweza kuua pasipo kutaka.

Mwaka 1995 Ebola ilitokea Kikwit. Watu 315 waliugua, na kama 250 walikufa. Miongoni mwao walikuwa Masista 6 Waitalia wa Shirika la Maskini la Bergamo, waliobaki kando ya wagonjwa mpaka wao wenyewe wakaugua. Mwaka 2021 Baba Mtakatifu Fransisko alikubali kwamba waliishi fadhila za Kikristo kwa ushujaa, nao wakaitwa Waheshimiwa.

Katika Kikwit ile ile Daktari Muyembe alijaribu jambo. Alifikiri hivi: mtu aliyepona Ebola amepona kwa sababu damu yake imejifunza kupigana na virusi. Basi damu yake ikitiwa katika mshipa wa mgonjwa, labda itampigania na yeye. Wagonjwa 8 walitiwa damu ya waliopona, na 7 kati yao wakaishi. Wakati ule wagonjwa wengi wa Ebola walikuwa wakifa, kwa hiyo watu walifurahi sana. Lakini wataalamu wengine wakauliza: je, ni damu ile iliyowaponya? Wagonjwa hao 8 walitibiwa mwishoni mwa mlipuko, walipokuwa wakiuguzwa vizuri kuliko wale wa kwanza, na tena walikuwa wameshapita siku za hatari kabla ya kutiwa damu. Huenda wangaliishi hata bila damu ile. Hakuna aliyeweza kusema ndiyo, wala hakuna aliyeweza kusema siyo.

Hata hivyo damu ya Kikwit haikupotea bure. Mwaka 2006, miaka 11 baadaye, mmoja wa waliopona alikubali kutolewa damu nyingine. Wataalamu wa Marekani, chini ya Nancy Sullivan, wakishirikiana na Muyembe, wakaitafuta ndani yake ile kinga iliyompigania. Kati ya chembe nyingi za kinga wakachagua moja yenye nguvu, wakaijaribu kwa nyani walioambukizwa, nao nyani wakaishi. Wakaiita mAb114. Basi, ndugu wasomaji, dawa ambayo watu wengi wa Butembo waliidhani kitu cha Wazungu ilitoka katika damu ya Mkongo mwenzetu.

GINE, LIBERIA NA SIERRA LEONE

Miaka ya 2014 hadi 2016 Ebola iliwaka Afrika ya Magharibi kuliko wakati wowote kabla yake. Zaidi ya watu 28,600 waliugua, na zaidi ya 11,300 wakafa. Madaktari wakakimbilia kila dawa iliyodhaniwa kufaa. Katika nchi ya Gine wagonjwa 84 walitiwa maji ya damu ya waliopona, kwa wazo lile lile la Kikwit. Walipohesabu, haikuonekana wazi kwamba yaliwasaidia.

Dawa nyingine, iitwayo ZMapp, ilipimwa kwa wagonjwa 72. Katika wale waliouguzwa bila dawa hiyo walikufa 13 kati ya 35. Katika wale waliopewa dawa hiyo walikufa 8 kati ya 36. Ilionekana kama inafaa, lakini watu walikuwa wachache mno, na tofauti kama hiyo yaweza kutokea kwa bahati tu. Kisha mlipuko ukaisha, kwa shukrani ya wote, na kipimo kikaisha nacho. Watu zaidi ya elfu kumi na moja walikuwa wamezikwa, na bado ulimwengu haukujua dawa ya kuwapa watakaougua kesho.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa Ebola ilipobisha hodi kwetu.

UGONJWA WAFIKA KIVU YA KASKAZINI

Tarehe 1 Agosti 2018 serikali ilitangaza kwamba Ebola iko Mangina, magharibi ya Beni. Haukupita muda mrefu ikafika Beni mjini, kisha Butembo na Katwa. Tukumbuke hali yetu ya wakati ule. Tangu Oktoba 2014 watu wa Beni walikuwa wakichinjwa usiku katika vijiji na mitaa yao, na hakuna aliyekuja na magari mengi kuwaokoa. Sasa ghafla magari yakaja, kwa mamia, kwa ajili ya ugonjwa ambao wengi hawajapata kuuona. Mtu aliyezika ndugu kwa panga akauliza: mbona kwa panga hamkuja?

Tena mwezi wa Desemba 2018 ikatangazwa kwamba watu wa Beni na Butembo hawatapiga kura pamoja na taifa katika uchaguzi wa rais, na Ebola ikatajwa kuwa mojawapo ya sababu. Watu wakakasirika. Huko Beni kituo kimoja cha wagonjwa kikavamiwa. Wengi wakasadiki kwamba Ebola ni siasa, au ni biashara. Kikosi cha kupambana na ugonjwa, ambacho watu walikiita riposti, kikaonekana kama jeshi lililokuja kula fedha.

Mwezi wa Februari 2019 kituo cha matibabu cha Katwa kilichomwa moto tarehe 24, na kile cha Butembo kikashambuliwa tarehe 27. Na tarehe 19 Aprili, siku ya Ijumaa Kuu, watu wenye silaha waliingia katika Zahanati Kuu za Chuo Kikuu cha Graben hapa Butembo, wakamwua Daktari Richard Mouzoko, Mkameruni, aliyetumwa na Shirika la Afya Duniani. Alikuja kutoka mbali kusaidia watu asiowajua, akafia kwetu siku ile ile tunayobusu Msalaba. Jambo hili yafaa tulikumbuke kwa aibu na kwa sala.

KWA NINI KURA?

Katikati ya moto huo ndipo dawa zilipopimwa. Tangu Agosti 2018 madaktari walikuwa wamepewa ruhusa ya kutumia dawa mpya kwa huruma, yaani daktari alimchagulia mgonjwa ile aliyoiona inafaa. Wengine walipona, wengine walikufa. Lakini kwa njia hiyo mtu hawezi kujua. Tueleze kwa nini.

Tuseme wamekuja wagonjwa wawili. Mmoja amefika siku ya pili ya homa, bado anatembea kwa miguu. Wa pili amebebwa kwa machela siku ya saba, hajitambui. Wa kwanza anapewa dawa hii, wa pili anapewa ile. Wa kwanza anapona, wa pili anakufa. Je, dawa ya kwanza ndiyo bora? Labda. Lakini labda yule wa kwanza angalipona kwa dawa yoyote, kwa sababu aliwahi. Na daktari mwenyewe, bila kukusudia, huweza kumpa dawa anayoitumainia yule anayemwona bado ana nguvu. Mwisho wa mwaka ataisifu dawa, kumbe alipaswa kusifu miguu ya mgonjwa iliyomfikisha mapema.

Iko njia moja ya kuondoa udanganyifu huo, nayo ni kura. Kura haimjui mtu. Haitazami tajiri wala maskini, mwenyeji wala mgeni, aliyewahi wala aliyechelewa. Wagonjwa wakiwa wengi, kura hugawa wazito na wepesi sawasawa katika kila kundi. Hapo ikionekana kwamba kundi moja limepona kuliko jingine, na tofauti ni kubwa, twajua kwamba ni dawa.

Pengine msomaji atasema: mambo haya hufanywa kwa Waafrika tu. Sivyo. Njia hii ilitumiwa kwa Waingereza wenyewe baada ya Vita Kuu ya Pili, katika kifua kikuu. Dawa ya streptomisini ilikuwa kidogo sana nchini mwao, haikutosha wote. Wakapiga kura. Wagonjwa 55 wakapewa dawa, na wengine 52 wakapumzishwa kitandani tu, kama ilivyokuwa desturi. Baada ya miezi sita walikuwa wamekufa 4 katika kundi la kwanza na 14 katika kundi la pili. Habari hiyo ilichapishwa mwaka 1948, na tangu hapo madaktari wa ulimwengu wote hushika njia hiyo.

Na sisi Wakristo tusishangae kusikia kura ikitajwa katika jambo zito. Mitume walipotafuta wa kushika nafasi ya Yuda, walikuwa na watu wawili waliofaa wote, nao hawakujua yupi. Wakasali, wakapiga kura, ikamwangukia Matia. Hawakupiga kura kati ya mwema na mwovu. Walipiga kati ya wawili waliostahili, mahali ambapo ujuzi wa mwanadamu ulikwisha. Ndivyo ilivyokuwa na dawa zile: kama daktari angalijua ipi ni bora, ingalikuwa dhambi kuipigia kura. Lakini hakujua. Na asiyejua akijifanya anajua, huyo ndiye anayemdhulumu mgonjwa.

Kanisa nalo limelitazama jambo hili tangu zamani. Mwezi wa Septemba 1952 Papa Pio wa Kumi na Mbili aliwaeleza madaktari kwamba haki ya elimu ina mipaka. Mgonjwa si mali ya daktari wala ya taifa. Daktari hana juu ya mwili wa mgonjwa ila uwezo aliopewa na mgonjwa mwenyewe. Basi kipimo chochote kisicho na ridhaa ya mgonjwa ni dhuluma, hata kama kitaleta faida kwa wengine elfu.

PAMOJA TULINDE MAISHA

Kipimo cha kwetu kilianza Beni tarehe 20 Novemba 2018, kisha kikafanywa pia Butembo, Katwa na Mangina. Kiliongozwa na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Tiba ya Kinshasa, chini ya Muyembe yule yule wa Yambuku na Kikwit, sasa mzee, pamoja na taasisi ya afya ya Marekani. Katika vituo walikuwamo ALIMA, Madaktari Wasio na Mipaka, na International Medical Corps. Kikapewa jina la Kiswahili: Pamoja Tulinde Maisha.

Dawa zilikuwa nne. Ya kwanza ZMapp, ile ya Afrika ya Magharibi, iliyodhaniwa kuwa bora. Nyingine zote zililinganishwa nayo. Ya pili remdesivir. Ya tatu mAb114, ile ya damu ya Kikwit. Ya nne, REGN-EB3, iliongezwa mwezi wa Januari 2019. Ni mchanganyiko wa kinga tatu.

Yafaa tuyaseme mambo matatu kwa sauti, maana mengi ya uongo yalisemwa juu yake. Kwanza, hakuna kundi lililopewa maji matupu. Kila mgonjwa alipata mojawapo ya dawa hizo nne. Pili, kila mgonjwa, awe kundi lolote, aliuguzwa kwa namna moja: alitiwa maji mshipani, akapimwa chumvi na sukari ya damu na kurudishiwa kilichopungua, akapewa dawa za malaria na za vijidudu vingine. Tatu, mgonjwa au jamaa yake aliulizwa kwanza, na aliyekataa hakuingizwa.

Walikubaliwa watu wa rika zote, wanawake wenye mimba, hata watoto waliozaliwa na mama mgonjwa siku hizo hizo. Beni palikuwa na vyumba vya plastiki inayoonekana ndani, ili mama aweze kumwona mwanawe na mtoto amwone mamaye, na muuguzi aweze kumhudumia mgonjwa akiwa nje kwa kupitisha mikono katika glavu zilizofungwa ukutani. Na waliopona wenyewe walirudi wakawa walezi. Kwa kuwa miili yao ilikuwa imepata kinga, waliwabeba watoto wachanga ambao mama zao walikuwa wamelazwa au wamekufa, wakawalisha na kuwabembeleza. Twawaza kwamba katika habari hii yote hakuna picha inayofanana na Injili kuliko hiyo.

Baraza la wasimamizi, watu wasiowatibu wagonjwa wenyewe, liliwekwa kutazama hesabu mara kwa mara, ili kipimo kisiendelee endapo dawa moja itaonekana wazi kuwa bora. Ilikusudiwa kuwapokea wagonjwa 725. Tarehe 9 Agosti 2019, hesabu za wagonjwa 499 zilipokuwa mezani, baraza likasema: acheni. Dawa mbili zinashinda. Tangu siku hiyo ZMapp na remdesivir ziliwekwa kando, na wagonjwa wakapewa mbili zilizoshinda. Walioingia wote walikuwa 681.

HESABU YENYEWE

Hesabu ya mwisho ilifanywa juu ya watu 673, ikitazama nani alikuwa amekufa baada ya siku 28. Waliopewa ZMapp walikufa 84 kati ya 169. Waliopewa remdesivir walikufa 93 kati ya 175. Waliopewa mAb114 walikufa 61 kati ya 174. Waliopewa REGN-EB3 walikufa 52 kati ya 155. Yaani kwa dawa mbili za kwanza alikufa kama mmoja katika kila wawili, na kwa dawa mbili za mwisho alikufa kama mmoja katika kila watatu.

Tuone maana yake. ZMapp ndiyo iliyoaminiwa. Kama madaktari wangalifuata imani yao bila kupima, wangaliwapa wagonjwa wote ZMapp kwa moyo safi kabisa, na watu wengi wangalikufa ambao walikuwa na dawa ya kuwaponya katika sanduku la pili. Makosa hayo yasingalionekana, kwa sababu hakuna ambaye angaliyalinganisha. Ingalikuwa Yambuku tena: nia njema na mikono isiyojua.

Kuna hesabu nyingine ambayo kwetu sisi wa parokia ni kubwa hata kuliko hiyo. Wagonjwa waliofika mapema, wakiwa na virusi vichache mwilini, wakapewa mojawapo ya dawa mbili bora, walikufa 10 au 11 tu katika kila mia. Waliofika na virusi vingi, kwa dawa hizo hizo, walikufa zaidi ya 60 katika kila mia. Aliyefika siku moja tu baada ya kuanza kuugua alikuwa na nafasi kubwa ya kuishi: katika hao walikufa 19 kwa mia. Waliokaa siku tano nyumbani walikufa 47 kwa mia. Na kwa wastani wagonjwa wetu walifika baada ya siku tano na nusu.

Siku hizo tano na nusu zilipotelea wapi? Zilipotelea katika hofu. Zilipotelea katika vituo vidogo vya binafsi, mahali ambapo homa ilitibiwa kama malaria, na wengine, hasa watoto, waliambukizwa humo humo. Zilipotelea katika maneno ya jirani kwamba kule watu huuawa. Na zilipotelea pia katika makosa ya wale waliotujia, ambayo sasa yatupasa kuyasema.

TUSIFICHE MABAYA

Watu wetu walilazimishwa mengi. Walioshukiwa walichukuliwa kwa kelele za magari na askari. Maiti zilizikwa, hasa mwanzoni, kwa namna iliyowaumiza wafiwa. Fedha nyingi ziliingia mjini bila wananchi kuambiwa zinakwenda wapi. Na lililo baya kupita yote, mwaka 2021 tume huru iliyowekwa na Shirika la Afya Duniani ilithibitisha kwamba baadhi ya wanaume waliokuja kupambana na Ebola waliwatumia vibaya wanawake na wasichana wa huku, wakiwaahidi kazi. Watuhumiwa 83 walitajwa, na 21 kati yao walikuwa wameajiriwa na Shirika hilo lenyewe.

Mtu aliyeyaona haya, akikataa kusadiki dawa, tutamlaumuje? Shina la imani ya mgonjwa kwa daktari ni mwenendo wa daktari. Hesabu ya dawa ilikuwa ya kweli. Lakini ukweli uliobebwa na mikono michafu watu huutupa pamoja na mikono hiyo. Anayetaka kuja kutusaidia siku nyingine na alisome jambo hili kwanza.

Haki nyingine bado haijatimizwa. Serikali ya Marekani iliidhinisha dawa hizo mbili mwaka 2020, moja mwezi wa Oktoba na nyingine mwezi wa Desemba, na Shirika la Afya Duniani likazipendekeza kwa wote mwaka 2022. Lakini mwaka huo huo wa 2022 Madaktari Wasio na Mipaka walisema kwamba tangu dawa ziidhinishwe ni theluthi moja tu ya wagonjwa wa Ebola waliozipata, na kwamba karibu akiba yote ilikuwa imewekwa Marekani. Dawa iliyotoka katika damu ya Kikwit, ikapimwa katika miili ya watu wa Beni na Butembo, isiwe ngumu kupatikana Beni na Butembo. Kulidai jambo hili si uasi wala si ombaomba.

TULICHOKINUNUA

Mlipuko ule ulitangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020. Watu 3,470 waliugua, na 2,287 walikufa. Ebola ilirudi Butembo mwezi wa Februari 2021, na Beni mwezi wa Oktoba mwaka huo. Safari ile ya Butembo waliugua watu 12, wakafa 6, na ugonjwa ukakatwa kabla ya kuenea, kwa chanjo na kwa kuwahi.

Wala tusifikiri kwamba kazi imekwisha. Dawa hizo mbili hupigana na aina moja tu ya Ebola. Aina iliyotokea Bundibugyo mwaka 2007, ng'ambo ya Ruwenzori, na ile ya Sudan iliyotokea Uganda mwaka 2022, hazizijali. Siku moja huenda wataalamu wakaja tena mlangoni petu na kusema: hatujui, tusaidieni kujua. Siku hiyo tufanye nini?

Tufanye kama mtu mwenye akili na mwenye imani. Tuulize: ni nani anayeongoza? Je, kila mgonjwa atauguzwa vizuri, dawa yake iwe ipi? Je, anayekataa ataachwa huru bila kunyimwa huduma? Je, dawa ikishinda, itabaki huku? Haya ni maswali ya haki, na anayekasirika kuulizwa hayo asiaminiwe. Lakini akijibu vema, tusimfukuze kwa mawe. Na jambo moja tusingojee mtu wa mbali atufundishe: mwenye homa apelekwe siku ya kwanza. Katika hili katekista, mama wa jumuiya ndogo na mwalimu wa shule waweza kuokoa watu wengi kuliko sanduku la dawa lililofika siku ya sita.

Sasa turudi kwenye swali la mwanzo. Ewe ndugu uliyefiwa, ambaye mtu wako aliingia mle asitoke: hakutupwa. Alilala pamoja na wengine 680, kila mmoja na jina lake mbele ya Mungu, nao wote, walioishi na waliokufa, wamewafundisha madaktari wa dunia kitu ambacho tangu Yambuku, kwa miaka zaidi ya 40, hakuna aliyekijua. Kila mgonjwa wa Ebola hiyo anayepona leo kwa dawa hizo, mahali popote, amepona kwa ushahidi wa watu wa Kivu ya Kaskazini. Msiba wako hauondolewi na neno hili, wala hatusemi kwamba unaondolewa. Lakini mwezi wa Novemba, tunapowaombea marehemu wetu, na tuwataje hao pia, pamoja na Masista wa Yambuku na wa Kikwit, na Daktari Mouzoko aliyekufa Ijumaa Kuu. Bwana awape pumziko la milele, na sisi tuliobaki atupe moyo wa kuwahi.